Kulipasua Paa la Badru

Watu wa msibani wananiudhi sana. Mtu ana sahani ya pilau mkononi, anatafuna, halafu anakuuliza, "Unajisikiaje, Salma?" Ukimwambia ukweli ataupokelea wapi, na mikono imejaa? Mie niliwajibu wote alhamdulillahi, wakaridhika, wakala, wakaenda zao. Ukweli ni kwamba nilikuwa sijisikii kitu. Si unajua mguu ukiukalia vibaya, ukiugusa unauona kama wa mtu mwingine? Basi mie ganzi hiyo ilinikamata kuanzia utosini. Siku moja nilitia chumvi kwenye chai badala ya sukari, nikainywa kikombe kizima. Mama mkwe alikunywa ya kwake kutoka birika hilohilo, na yeye hakusema kitu.

Mume wangu Badru alikuwa fundi wa faiba hapa Mtoni, Temeke. Alitengeneza matenki ya maji, bampa za magari, viti vya boti, chochote cha faiba ungemkuta nacho. Lakini kilichompa jina ni paa. Alikuwa na gari, kijipu kifupi cha milango miwili, cha zamani, ambacho juu kilikuwa na turubai. Turubai lilipochanika akakitengenezea paa gumu la faiba, jeupe, lina madirisha ubavuni na mlango nyuma, la kufunga kwa bolti. Ukitaka upepo unafungua bolti, mnalinyanyua watu wawili, unaendesha wazi kama mwenye hela. Kila akisimama sheli walikuwa wanamuuliza amelinunua wapi, na yeye anajibu, "Nimelizaa mwenyewe."

Asubuhi ya siku aliyofariki alilivua lile paa akaliacha uani. Alikuwa anakwenda Kurasini kuchukua pipa la resini, ile gundi nzito inayomwagiwa kwenye faiba mpaka ishike, na pipa lisingepita mlango wa nyuma. Wakati anarudi, kwenye foleni, lori la kontena likamvaa kwa nyuma. Kijipu kikawa hakitambuliki. Pipa halikupata hata mkwaruzo. Waliniletea pipa mchana, na yeye wakamleta jioni. Msibani wakasema eti angekuwa na paa lake angepona. Nilitamani niwaulize kama wameshawahi kuliona lori la kontena, nikaona uvivu kufungua mdomo.

Nikakaa eda. Miezi minne na siku kumi ndani ya fensi, hakuna kutoka bila dharura, hakuna manukato, hakuna kujiremba, na mwanaume asiye maharimu wangu naongea naye yuko nyuma ya pazia. Humo ndani ya fensi tulibaki wawili, mie na mama mkwe wangu, Bi Mwanaheri. Mtoto hatukujaliwa. Nyumba iko nyuma, uani katikati, na mbele kabisa, ukutani pa geti, ndiyo gereji ya Badru, na kila kitu chake kimetulia kama alivyokiacha.

Mdogo wake Badru anaitwa Farhan, ni wakala wa kutoa mizigo bandarini. Si mtu mbaya, nisimsingizie, ila ana haraka, hata dua anaisoma kama anakimbizwa. Akaja siku moja, akaketi upande wake wa pazia.

"Shemeji, nimefikiria. Eda yako ikiisha, gereji tuipangishe. Yupo jamaa anaitwa Kondo, anataka kufungua pa kuoshea magari. Mama atapata cha kula. Na wewe haki yako ya mirathi utapewa yote, urudi zako kwenu."

Kwetu ni Ubungo, kwa kaka yangu. Vyumba viwili na watoto kibao. Pangu ni sebuleni, nisubiri mpaka watu wamalize tamthilia zao ndiyo nitandike godoro, na alfajiri nilikunje kabla wifi hajaamka akakuta nimeziba njia. Nililiona hilo godoro waziwazi. Sikuumia, nililiona tu.

Mama mkwe alikuwepo pale, anachambua mchele.

Mara geti likagongwa. Alikuwa mwanamke mmoja wa Kinyakyusa anaitwa Atuganile, anaotesha miche ya maua na matunda huko Goba. Alikuwa na kijipu kama cha marehemu, turubai lake limeoza, na alishaongea na Badru amtengenezee paa. Alikuwa hajui kama amefariki. Alipoambiwa akakaa chini kwenye ngazi, akashika kichwa.

"Pole sana dada yangu. Poleni mama. Jamani, na nilimwona mzima kabisa." Akainua kichwa. "Samahani kwa kuuliza. Hakuna mtu mwingine anayejua kulitengeneza?"

Farhan akamjibu haraka, "Hakuna, sista. Ufundi wake ameondoka nao."

Sasa sijui nini kilinipata. Labda ni ule wepesi wa sauti yake, kama anafunga duka. Nikajisikia nasema nyuma ya pazia:

"Mie najua."

Hata mchele ukanyamaza kwenye ungo.

"Shemeji?" akasema Farhan.

"Nimesema najua. Niliishi na fundi, sikuishi na mpangaji. Eda ikiisha mtaliona paa."

Farhan akacheka kidogo, si kwa dharau, kwa kukosa la kufanya. "Haya. Eda ikiisha, paa likiwepo gereji ni yako na Mama. Lisipokuwepo nakuja na Kondo, na tusilaumiane." Atuganile akasema atanisubiri, hata hivyo alishazoea kulowa.

He! Uongo gani ule! Sikuwa najua, ila pia sikuwa mjinga kabisa. Nilikuwa najua kuchanganya resini na hadina, ile dawa ya kuishikisha. Nilikuwa najua kutandaza faiba kwenye kalibu, lile umbo linaloipa sura, kuipaka, kutoa mapovu kwa brashi. Asubuhi nilikuwaga nauza vitumbua pale njiapanda, nikirudi mchana namsaidia. Na kalibu za paa zilikuwepo gerejini, zimeegemea ukuta, moja kubwa na moja ndogo kidogo. Nisichokuwa najua ni namna ganda linalotoka kwenye kalibu linavyogeuka kuwa paa. Kazi hiyo Badru aliifanyaga asubuhi, mie nikiwa kwenye vitumbua. Nikirudi nakuta limeshakuwa paa, yeye ananawa mikono. "Umefungaje?" "Nimefunga mwenyewe." Basi, nami naenda kupika.

Nikajaribu. Nikatandaza faiba kwenye kalibu kubwa, nikapaka resini, nikaacha usiku mzima, asubuhi nikalichomoa. Lile ganda likalegea kama chapati iliyoiva upande mmoja. Nilipolishika ncha mbili likakunjika katikati. Nikaongeza faiba, likawa zito kama jiwe na bado linacheza. Ukilifunga hilo kwenye gari, tuta la kwanza tu linakuangukia kichwani. Na Badru lake tulilinyanyua wawili bila hata kuhema, na vijana wa mtaani walilikalia juu siku ya mpira.

Basi nikajua dawa ni moja tu. Nilipasue la kwake, nione ndani kuna nini.

Nilipolisogelea na bisibisi, mama mkwe akatoka kibarazani.

"Usiliguse hilo."

"Mama, nataka kujua alivyolitengeneza."

"Ndiyo kazi yake iliyobaki humu ndani. Gari limekwisha, yeye amekwisha. Unataka na hili liishe?"

Nikainama, nikaligonga paa kwa kidole, nikasikiliza. Pengine palilia wazi kama debe, pengine palilia pu, kama unagonga mgongo wa mtu. Nikasogea, nikagonga tena. Mama mkwe alisimama pale muda mrefu. Nikadhani anatafuta maneno ya kunifukuzia. Mwishowe akasema, "Haya," akaenda kuleta mkeka, akautandika kibarazani, akakaa. Tangu siku hiyo nikishika kazi na yeye anakaa, shanga zake za tasbihi mkononi, hatii neno.

Siku za mwanzo zilikuwa za kufungua tu. Nikatoa vioo vya ubavuni, nikavilaza kwenye shuka. Nikatoa mlango wa nyuma na bawaba zake. Nikabandua zulia la dari, lile la kijivu, gundi yake ikanitoa jasho. Chini ya zulia nikakuta ganda lingine, laini, limepakwa rangi. Kumbe paa lile lilikuwa magamba mawili, la nje na la ndani, na katikati kuna uwazi. Kalibu ndogo ndiyo ilikuwa ya ganda la ndani. Miaka yote ile nilidhani ni ya paa la gari la watoto, au sijui nilidhani nini. Nilikuwa naisogeza nikifagia.

Halafu nikawasha grainda ya kukatia.

Faiba inawasha, asikudanganye mtu. Vumbi lake linaingia kwenye ngozi kama upupu, ukioga linazidi. Nilijifunga kanga mpaka machoni, likapenya. Usiku nikawa najikuna mapaja na shingo, nikijipaka mafuta ya nazi, nikijikuna tena. Na mie, Mungu anisamehe, sikuchukia. Nilikuwa nalala pale najikuna, nasema kumbe ngozi bado ipo.

Vita ikawa harufu. Resini inanuka, nilikuwa nachanganya kidogo kidogo kujaribu, na harufu yake ikafika mtaa wa pili. Majirani wakamwambia mama mkwe eti mjane wenu ananukia, na eda hairuhusu manukato. Jamani! Resini! Bi Mwanaheri akampigia simu Ustadhi palepale, akaweka sauti kubwa nisikie.

"Ustadhi, hiyo gundi ya faiba ni manukato?"

"Anajipaka?"

"Inamrukia."

"Ili apendeze?"

Mama mkwe akanigeukia, akaniangalia kuanzia kichwani mpaka miguuni. Nimejaa vumbi jeupe, nywele zimegandamana, mdomo umepauka. "Hapana, Ustadhi," akasema. "Kupendeza hapana."

Ustadhi akasema basi aendelee, ni riziki. Siku nyingine ningecheka mpaka nikae chini. Nilijua inachekesha, nikarudi kwenye grainda.

Nikaanza kukata ganda la ndani vipande vipande, nikinyanyue kila kimoja nione kilichoshikana nacho. Mama mkwe akasema kutoka mkekani, "Hapo usikate, hapo pagumu." Nikaona wazee nao wanapenda kuamrisha tu, nikakata, jiwe la grainda likavunjika likarukia ukutani. Nikabadilisha jiwe.

Na pale pagumu ndipo nilipouona ufundi wake. Alikuwa ameliwekea paa mbavu. Alichukua mpira wa kumwagilia bustani, akaupasua kati kwa urefu, akaulaza juu ya ganda la nje kama matuta, kutoka upande mmoja hadi mwingine, akaufunika na faiba. Mpira wenyewe hauna nguvu yoyote, kazi yake ni kuifanya faiba ipinde. Ikishakauka imepinda vile, huikunji. Katikati ya mbavu akabandika vipande vya lile povu jeupe la kwenye friji bovu, ili joto lisishuke. Halafu juu ya mbavu na ukingoni kote akapaka resini iliyokorogwa na poda ya watoto mpaka ikawa nzito kama uji wa ulezi. Hiyo ndiyo iliyokamata ganda la ndani na la nje vikawa kitu kimoja. Nilizijua zile poda. Alikuwaga ananunua makopo makubwa, na mie namuuliza poda yote hiyo ya nini na mtoto hatuna, yeye anacheka anazificha gerejini. Nilikaa na kipande kile mkononi, nikakikwangua kwa kucha. Nilisubiri kiniume. Hakikuniuma, nikakiweka pembeni na vingine.

Sasa nikawa najua vilivyomo, nikadhani nimemaliza. Nilibakiza mpira mweusi wa ukingo wa chini, uliogoma kutoka. Nikaubandua kwa kisu. Chini yake ule uji wa resini ulikuwa umefurika nje wakati wa kufunga, na mtu alikuwa ameusawazisha kwa vidole kabla haujashika. Upande wa kushoto nikavijua vidole vile bila kuuliza. Virefu, na cha mwisho kimepinda, maana Badru alivunjika kidole akiwa shule na hakikuungwa vizuri. Vimepita ukingo wote, vinateleza.

Upande wa kulia vilikuwa vingine. Vifupi, vimekaribiana, na havitelezi kama vya Badru, vimebana. Bana, bana, bana, ukingo mzima, kama mtu anafunga sambusa.

Nikachanganya resini na poda kidogo, nikaweka hadina, nikajaribu kuzunguka ukingo peke yangu. Sijafika hata nusu imeshakuwa jiwe. Hakuna binadamu anaweza kulifunga lile paa peke yake. Lazima watu wawili, mmoja huku na mmoja kule, kwa wakati mmoja, na wakishakandamiza hawaachii mpaka lishike. Na huyo wa pili ni mwanamke, na alikuja asubuhi, nikiwa kwenye vitumbua.

"Nimefunga mwenyewe." Ebo!

Nikapima vidole vyangu pale, havikuingia. Nikamfikiria Jenipher wa duka la rangi, anayecheka hata hujasema kitu. Nikamfikiria Atuganile mwenyewe na miche yake. Nikajua nina wivu, ila nilijua kama unavyojua ni wakati wa kula kwa kuangalia saa ya ukutani, tumbo lenyewe halisemi. Hilo ndilo lililonitisha. Mume wangu alikuwa na mwanamke gerejini na mie siwezi hata kupandisha mashetani. Na bila huyo mwanamke paa halifungiki, na eda inaelekea ukingoni.

Nikavumilia siku mbili tatu. Halafu mchana mmoja nikamfuata mama mkwe mkekani kwake. Mambo haya mkwe hamuulizi mkwe. Mie na yeye tuliheshimiana sana, yaani tulikuwa hatuongei. Shikamoo, marahaba, umekula, nimekula. Kuhusu gereji sikuwahi kumuuliza hata bei ya msumari, mtu mzima yule, anasoma maulidi, gereji inamhusu nini?

"Mama, naomba unisamehe nikuulize. Badru alikuwa na mwanamke?"

Alikuwa anapepeta, na hakuinua kichwa.

"Alikuwa naye."

"Nani?"

"Mie."

Akauweka ungo chini, akafuta mikono kwenye kanga.

"Vijana aliowafundisha walimkimbia, si unajua faiba inavyowasha. Akaja asubuhi moja, Mama njoo unishikie hapa. Nikamshikia. Ikawa kila akifunga paa, na lile la kwanza, na mengine ya watu, wewe ukitoka na vitumbua vyako mie naingia gereji. Nikamwambia usimwambie mtu, hata mkeo. Watu watasema Badru anamtumikisha mama yake kama kibarua. Akaweka siri."

"Unajua kulifunga," nikasema.

"Najua."

"Unajua mbavu, unajua poda, unajua yote."

"Najua, Salma."

Nikageuka nikalitazama paa. Lilikuwa vipande uani kote. Kipande cha dari kimeegemea ndoo, madirisha hayana ukuta, na kile kilichobaki hakitoshi hata kufunikia kuku. Kazi ya mikono ya mume wangu, iliyokuwa imebaki moja tu nyumbani kwetu. Niliikata mie, siku baada ya siku, na mwanamke anayejua yote amekaa hatua chache kutoka nilipo, anavuta tasbihi.

Hapo ikanipanda. Ilianzia miguuni, nakwambia, ikapanda kama maji ya moto, na mie nikaitambua, nikasema hii ni hasira. Nikampigia kelele mama mkwe wangu. Mie! Nilimpigia kelele mpaka kunguru wakaruka kwenye ukuta.

"Kwa nini hukuniambia? Umekaa hapo unaniangalia nakata! Nimewashwa mpaka damu, nimeliua paa la Badru, na wewe unajua! Kwa nini usiseme, Mama? Kwa nini?"

Hakunikasirikia. Alikuwa anaviangalia vile vipande.

"Siku ya kwanza nilitoka kukwambia," akasema. "Maneno yalikuwa mdomoni. Nikakuona umeinama, unaligonga kwa kidole, unasikiliza. Unagonga, unasikiliza. Nikasema moyoni, huyu anamtafuta mume wake humo ndani." Akausogeza ungo pembeni. "Na mie nikaenda kuleta mkeka. Mie mtu mzima, nimemfunua uso kwenye sanda, nimemwona, nimemsomea. Lakini kila ulipokata, Salma, nilichungulia."

Kelele zikaniishia. Nikakaa kwenye mkeka, mara ya kwanza kukaa naye mkeka mmoja. Tukakaa hivyo mpaka adhana ya alasiri. Halafu akaniambia nilete kalibu ndogo, maana nimeipaka polishi vibaya na ganda litanasa.

Alinifundisha bila huruma. Anakaripia, anakunyang'anya brashi, anakwambia mkono wako mzito kama wa polisi. Nikampasulia mpira wa bustani, akaukataa mara mbili. Tulitandaza faiba pamoja, yeye amevaa kanga kuukuu na soksi za Badru mikononi. Vipande vya paa la zamani tukavipanga ukutani kwa mfululizo wake, kila tukikwama tunakwenda kuviangalia. Magamba yote mawili yakatoka mazuri. Ikabaki kuyafunga.

Eda ikaisha. Nikaoga, nikavaa gauni jipya, wanawake wakaja wakanisomea, wakala, wakanipa pole ile ile na sahani zile zile. Farhan akapiga simu akasema kesho yake asubuhi atakuja na Kondo aone eneo. Hakuuliza habari ya paa. Nikamwambia karibu.

Kesho yake tukaamka mapema, nikavua gauni jipya, nikavaa la kazi. Ganda la nje likalala chali kwenye kalibu yake kama karai kubwa, mbavu zake juu. Nikakoroga resini na poda. Mama mkwe akasema bismillahi, nikatia hadina. Kuanzia hapo hakuna kurudi nyuma. Tukapaka mbavu, tukapaka ukingo, yeye kulia na mie kushoto. Tukalinyanyua ganda la ndani, tukalishusha taratibu. Likakaa. Tukaanza kubana ukingo, yeye na vidole vyake vya sambusa, mie navuta navuta, halafu tukaliinamia kwa viganja na vifua, tukakandamiza.

Geti likagongwa.

"Hodi! Mama! Shemeji! Nimekuja na Bwana Kondo!"

Mama mkwe akanitazama ng'ambo ya paa. Jasho linamtiririka puani, ushungi umeteleza.

"Subirini!" akapaza sauti. "Linashika!"

"Linashika nini?"

"Paa!"

Halafu Farhan, kwa sauti ya chini kama anaogopa majirani, "Mama, uko gereji? Unafanya nini gereji?"

Nikamwona mama mkwe anafikiria. Miaka yote ile ya siri, na geti letu ni la bati, mtaa mzima unasikia.

"Nafanya kazi!" akasema, kwa sauti ile ya maulidi. "Kazi niliyokuwa nafanya na kaka yako! Bwana Kondo, samahani baba, katafute pengine. Gereji hii ina watu wawili."

Nikausikia uji wa resini unaanza kupata joto chini ya viganja vyangu. Ndivyo inavyofanya ikishika, inapata joto lake yenyewe, kama mwili. Nilikuwa nalijua joto lile. Badru alikuwa akishafunga paa viganja vinabaki vya moto, akirudi ndani ananishika shavu, na mie namfukuza, toka hapa na minuko yako. Likanipanda mikononi, likafika kifuani, na kule ndani kilichokuwa kimekufa kikaamka chote kwa mara moja, na kiliuma, jamani, kiliuma. Nikapiga ukelele. Machozi yakamwagika juu ya faiba, makamasi, kila kitu, na mikono yote miwili ipo kazini, siwezi hata kujifuta.

Mama mkwe naye uso wake ulikuwa umelowa, na haukuwa jasho tu. Alikuwa amekandamiza kwa uzito wake wote.

"Lia," akaniambia. "Lia tu, mwanangu. Ila usiachie."